Kikao kilichoisha kabla hakijaanza

Kwa miaka mingi nimejisifu kwamba siasa za ofisini si zangu. Wanaojikomba kwa bosi nawajua, wanaopeleka maneno nawajua, mimi simo. Mwezi uliopita nikajikuta nimo, tena mpaka shingoni.

Suala lenyewe lilikuwa dogo: idara ichague mfumo mpya wa kutunza kumbukumbu za wateja. Mwenzangu alikuwa na pendekezo lake, mimi langu. Siku mbili kabla ya kikao nikampitia mtu wa fedha, eti naomba ushauri. Sikuhitaji ushauri wowote. Nikakutana na mkuu wa ufundi kwenye ngazi, nikamdondoshea neno kwamba mfumo ule mwingine utawaongezea kazi vijana wake. Ni kweli ungewaongezea. Na wangu pia ungewaongezea, ila hilo nililimeza. Wa tatu hata sikumwomba kitu, nilimsifia tu ripoti yake, ambayo sikuwa nimeimaliza kuisoma.

Siku ya kikao mwenzangu akasimama na kurasa zake, kila moja kaiandikia namba kwa kalamu pembeni juu. Alipofika ya nne, mtu wa fedha akasema, "Nadhani tumeelewa." Nikamwona anazigonga kurasa mezani zikae sawa, halafu anazigonga tena, na zilishakaa sawa. Mimi nikainamia daftari kama mtu mwenye jambo la kuandika. Niliandika tarehe.

Mwaka 2005 mtafiti Gerald Ferris na wenzake walichapisha kipimo cha kauli 18 cha ustadi wa kisiasa kazini. Wameugawa mafungu manne: kuwasoma watu, kuwashawishi, kujenga mtandao, na la nne, lililonichoma, kuonekana mkweli. Kuonekana! Wao hawauhesabu ustadi huo kuwa dhambi, na mimi siwabishii. Nimeona watu wenye akili nyingi kuliko mimi ambao mawazo mazuri yanawafia mikononi kwa sababu hawakuzungumza na mtu yeyote kabla ya kikao. Kuwapitia watu si kosa. Lakini watu watatu niliwapelekea nyuso tatu, na yule wa nne, ambaye meza yake iko hatua chache kutoka yangu, sikumpelekea hata mmoja.

Mfumo niliopigania umeanza kazi wiki iliyopita, na aliyepangwa kunisaidia kuhamisha majina ya wateja ni yeye. Katikati ya kazi, bila kuinua macho, akaniuliza, "Hivi na yule wa fedha mlishaongea kabla?"

"Tulikutana tu koridoni," nikamjibu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na jina linalofuata.