Kutoka Battersea hadi Bow, nikiyafuata makundi ya grime

Kuna treni inayotoka Clapham Junction hadi Stratford kwa kuizunguka London upande wa magharibi na kaskazini. Niliichagua makusudi, nikiifuata historia ya makundi ya grime, muziki wa kuchana wa London wenye biti za kasi. Karibu na stesheni hiyo, Battersea, kuna Winstanley, mtaa wa maghorofa ya serikali walikotoka So Solid Crew, na asubuhi nilikuwa nimezunguka chini ya maghorofa yale nikiwaza: watu zaidi ya 20, kundi moja! Agosti 2001 wimbo wao "21 Seconds" ulishika namba moja Uingereza, na jina lenyewe ni mgao: kila mchanaji sekunde 21, kisha ampishe mwenzake. Huo ulikuwa bado garage, muziki wa dansi uliotangulia grime, lakini vijana wa mashariki ya jiji walishaona kwamba inawezekana.

Ndani ya treni nikasikiliza rekodi za zamani za Rinse FM, redio iliyoanza bila leseni mwaka 1994. Bila kuzisikia hizo huwezi kuelewa kwa nini makundi yalikuwa makubwa kiasi kile. Kipindi kinaweza kwenda saa mbili, biti zinakimbia mapigo 140 kwa dakika, na hakuna pumzi ya mtu mmoja inayoweza kuzifukuza muda wote huo. Basi maiki inapita mkono kwa mkono. Huyu mistari minane, yule kumi na sita. Mistari ikikolea, DJ anairudisha santuri mwanzo na chumba kizima kinapiga kelele. Asiye na kundi atapata zamu wapi? Na kundi ndilo lenye watu wa kubeba santuri na wa kusindikizana usiku. Mimi niliyekua na TMK Wanaume Family sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Stratford nilipita haraka. Maeneo haya ndiko ilikokuwa Deja Vu FM, redio nyingine isiyo na leseni, ambako mwaka 2003, juu ya paa, wachanaji Dizzee Rascal na Crazy Titch nusura wazichape huku kamera ikirekodi. Sasa ni viwanja vya Olimpiki ya 2012 na maduka ya bei mbaya.

Vituo viwili kwa DLR, treni isiyo na dereva, nikashuka Bow Church. Minara mitatu ya Crossways inaonekana kutoka mbali. Hapa Bow, mchanaji Wiley alitoka kundi la Pay As U Go Cartel akaanzisha Roll Deep, kundi lililokuwa kama stendi ya mabasi: Dizzee alipita, Tinchy Stryder alipita, hata Skepta. Dizzee ndiye aliyeonyesha mlango wa kutokea. Albamu yake ya peke yake ilitwaa Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka Uingereza, mwaka 2003, na baada ya hapo kampuni za muziki zilijua zinamtaka nani: mtu mmoja, mkataba mmoja, sura moja ya kubandika ukutani.

Polisi nao walichangia kuyavunja makundi, na hili naona halisemwi vya kutosha. Kuanzia 2005 fomu namba 696 iliwataka waandaaji wa shoo wapeleke majina, anwani na simu za wasanii wote. Jaza hiyo kwa vijana 15, mmoja wao ana kesi, uone kama ukumbi utakubali. Fomu ilifutwa 2017. Mwaka huohuo wa 2005 DJ Slimzee wa Rinse alipigwa marufuku kupanda mapaa ya majengo marefu ya Tower Hamlets, wilaya yenye Bow; redio zisizo na leseni zilifunga antena zake kwenye mapaa kama hayo.

Nikatembea hadi Roman Road, lilikokuwa duka la santuri la Rhythm Division. Lilifungwa 2010, mwaka ambao Rinse ilipata leseni na Roll Deep wakashika namba moja kwa "Good Times", wimbo wa disko usio na hata harufu ya grime. Kwangu makundi yaliishia hapo. Boy Better Know, kundi la Skepta, walidumu kwa kuwa walijiendesha kama lebo, kila mmoja na kazi zake. Mercury ya 2016 ilikwenda kwa Skepta peke yake. Kwenye tamasha la Glastonbury 2019, mchanaji Stormzy akiwa ndiye msanii mkuu wa jukwaa, alisimamisha shoo akawataja kwa majina wasanii wenzake zaidi ya 50.