Siku moja maishani mwangu: kuibana programu iingie kwenye ruta ya megabaiti 16

Saa 2 asubuhi nafungua fremu, Kariakoo, ninayochangia na fundi simu. Wapita njia wakiona antena mezani wanadhani nauza intaneti. Siuzi. Nafuta programu iliyokuja na ruta, naweka OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, kisha naipa ruta kazi ambayo kiwanda hakikuikusudia.

Saa 3 hadi saa 6: ruta mbili, nywila moja iliyosahaulika, chapati na chai.

Saa 6 na robo simu inaita. Ni mzee mmoja wa Tandika mwenye kituo cha mafunzo ya kompyuta. Anataka ruta yake ishushe mafaili makubwa ya Linux usiku kwa bando la usiku, kompyuta zote zikiwa zimezimwa, na asubuhi wanafunzi wayachukue kupitia mtandao wa ndani badala ya kupokezana flashi zenye virusi. Wazo zuri mno. Tatizo ni mzee mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, hiyo Transmission mjukuu wangu kaishusha kwa dakika mbili. Wewe leo siku ya tatu."

"Ile ni ya kompyuta, mzee. Ya ruta inabidi niiunde."

"Si programu ileile ya kushusha mafaili ya torrent?"

Ni ileile, na siyo. Laptop yangu na ruta yake hazina prosesa ya aina moja. Yake ni MIPS ya biti 32, yenye RAM ya megabaiti 64 tu. Kwa hiyo nachukua msimbo asilia, naandika Makefile yangu, faili la maelekezo ya uundaji, inayosema msimbo unatoka wapi, alama yake ya uhakiki ni ipi, unategemea maktaba zipi na kila faili likae wapi, kisha laptop inaunda kifurushi cha mashine ambayo yenyewe haiwezi kukiendesha. Siweki kifurushi juu ya mfumo uliokwisha kuwekwa, maana hifadhi ya ndani ni megabaiti 16 tu; nakipachika ndani ya mfumo wenyewe, kwenye squashfs, sehemu ya mfumo inayohifadhiwa ikiwa imebanwa, kinapobanwa zaidi.

Simu ikakatwa, na laptop nayo ikagoma. Kazi ilikuwa imegawanywa kwa nyuzi nne, yaani vipande vinne vinavyoundwa kwa pamoja, makosa yakamwagika kama mchele sakafuni. Nikarudia kwa uzi mmoja na kila hatua ionyeshwe, -j1 V=s, feni ikilia, fundi simu akilalamika joto. Dakika arobaini. Mzee kapiga tena mara mbili. Mwishoni kabisa, kwenye hatua ya kuunganisha vipande, mstari huu unaosema kuna kitu kimetajwa ila hakipatikani:

undefined reference to `__atomic_fetch_add_8'

Saa nzima nililaumu maktaba zisizo na kosa. Kumbe hiyo 8 ni baiti nane, yaani biti 64, na prosesa ya biti 32 kama hii haiwezi kuongeza namba ya ukubwa huo kwa pigo moja lisilokatizwa. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inaiomba maktaba ya libatomic iisaidie, na mimi sikuwa nimeitaja. Maneno mawili tu ndani ya Makefile: +libatomic kwenye DEPENDS, -latomic kwenye TARGET_LDFLAGS. Sikula mchana kwa sababu ya maneno mawili.

Ikakubali. Sijui ni saa ngapi, maduka ya jirani yalikuwa yanafungwa. Nikaijaribu na diski ya USB. Baada ya muda kimya. Kwenye logi: Out of memory, yaani RAM imeisha. Ruta imeiua Transmission yenyewe ili isife yote. Nikapunguza kompyuta za mtandaoni za kuunganishwa nazo kwa wakati mmoja kutoka 200 hadi 30, nikatenga sehemu ya diski iwe swapu, yaani ya kusaidia RAM ikijaa, nikahakikisha hakuna faili linaloandikwa kwenye hifadhi ya ndani, maana ile huchakaa kwa kuandikwaandikwa. Ikaenda. Taa ya diski ikawa inakonyeza bila kupumzika, nami nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikiitazama kama mtu anayeangalia mpira.

Usiku nilimpelekea mzee. Alifurahi kwa dhati, akanipa juisi ya ukwaju, akalipa bila kuomba punguzo. Nikiwa mlangoni navaa viatu akatoka na ruta nyingine, nyeupe.

"Hii ya nyumbani. Wewe weka faili hilohilo tu, si limeshakamilika?"

Nikaigeuza, nikasoma modeli kwenye kibandiko, nikaitafuta kwenye simu. Prosesa ARM, si MIPS.

"Nipe siku tatu, mzee."