Nilivyoyaweza maneno ya Kiingereza yenye maana nyingi

Wapo watu wanaoamini kwamba dawa ya Kiingereza ni kumeza kamusi, na mmoja wao alikuwa mkuu wa masijala katika kampuni ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, nilikoanzia kazi ya ukarani. Mzee huyo aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, kariri maneno ishirini kila usiku, neno na maana yake, na mwaka ukiisha hakuna barua itakayokushinda." Mkubwa akisema, mdogo hutii. Nilinunua kamusi iliyotumika kwa wauzaji wa vitabu wanaopanga bidhaa zao chini kule Posta, kwa fedha ambayo ingenitosha nauli ya daladala kwa wiki nzima na chenji kidogo, nikapiga mistari daftarini: neno kushoto, maana kulia.

Safu ya kulia haikutosha hata usiku wa kwanza. Nilipofika kwenye "bill" nilikuta ankara, muswada wa bunge, noti ya benki kwa Wamarekani na hata mdomo wa ndege, ilhali mimi nilihitaji hati ya shehena, ambayo bila hiyo mzigo hautoki. "Bond" ilikuwa dhamana, hatifungani, uhusiano wa karibu, na huku bandarini ni ghala la bidhaa ambazo hazijalipiwa ushuru. "Port" nayo, ambayo kila mtu anajua kuwa ni bandari, ni divai tamu ya Ureno na vilevile ni upande wa kushoto wa meli kwa mtu anayetazama mbele. Jeshi la majini la Uingereza liliagiza mwaka 1844 kwamba neno hilo lichukue nafasi ya "larboard", kwa kuwa amri ikipigwa kwa sauti "larboard" ilichanganyika na "starboard", yaani kulia. Hapo sijagusa "run", kitenzi ambacho wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wamekipambanulia maana 645. Kwa mwendo wa ishirini kwa usiku, neno hilo moja lingenila zaidi ya mwezi.

Kilichonifungua macho ni kontena la vigae. Wakala wa meli alituandikia kwamba mzigo wa mteja wetu ulikuwa "on hold". Karani mwenzangu, ambaye kwa kukariri alinizidi mbali na hakuficha jambo hilo, alijua kwamba "hold" ni tumbo la meli linalobeba shehena, kwa hiyo akampigia mteja simu kwa furaha akamwambia vigae vimo melini, salama, vinasubiri kushushwa. Mteja akakodi lori. Lori likalala nje ya geti, dereva akadai posho, na mteja akaja ofisini akiwa na sauti ya kusikika hadi ghorofa ya juu, maana kontena lilikuwa limeshushwa kitambo na limezuiwa kwa sababu ya deni la usafirishaji. Wakati wengine wanagombana, mimi nilichukua barua ile nikaiweka sambamba na ya zamani iliyosema "in the hold". Tofauti yote ilikuwa katika vijineno vya mbele, ambavyo mzee wa masijala alisema havina haja ya kukaririwa.

Usiku ule nilifuta kichwa cha safu ya kulia nikaandika "jirani". Kuanzia hapo sikuandika neno likiwa peke yake. Niliandika lile linalolitangulia na lile linalolifuata, kama nilivyolikuta kwenye barua halisi. "Charge" ikitanguliwa na "in" ni kusimamia, ikifuatwa na "for" ni bei, na ikifuatwa na "with" tafuta wakili. "Draft" yenye mita mbele yake ni kina ambacho meli imezama majini, yenye kiambatisho ni rasimu ya hati inayosubiri tuithibitishe, na yenye benki ni hundi. Wala hili si jambo la ajabu kwetu, kwani hakuna mtoto wa Pwani aliyewahi kuagizwa mbuzi ya kukunia nazi akaenda zizini. Usijaze daftari kwa mifano ya kutunga. Chukua sentensi za kazi yako, hata kama wewe ni muuguzi au fundi umeme, kwa sababu majirani wa maneno hubadilika kutoka kazi moja hadi nyingine.

Haikupita miezi mingi, barua ngumu zikawa zinaletwa mezani kwangu kwanza, nami sijifichi kusema kwamba nilizifungua taratibu ili wenzangu waone.

Neno moja tu limeukataa ujanja huu, nalo ni "table" linapotumika kama kitenzi katika kumbukumbu za vikao. Mwingereza akiandika kwamba hoja imekuwa "tabled", ana maana kwamba imewasilishwa ijadiliwe. Mmarekani akiandika maneno yaleyale, ana maana kwamba imewekwa kando. Majirani ni walewale, hivyo huangalia kwanza barua imetoka nchi gani, na kama mwandishi simfahamu humwandikia nikimwuliza kama tujiandae kujadili au tusubiri.