Robota la nne

Mwaka 2009, nikiwa kidato cha pili, mimi na baba tulilala kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, wilayani Urambo, tukilinda marobota yetu 11 ya tumbaku. Asubuhi yake ilikuwa zamu yetu sokoni.

Tumbaku ya mvuke ni kazi ya mwaka mzima. Mwezi wa tisa unasia kitalu, mvua zikikolea unahamishia miche shambani, ukivuna unakesha kwenye bani, banda la kukaushia, ukichochea moto wa magogo ya miombo, maana joto likizidi jani linaungua, likipungua linaoza. Kisha unapanga madaraja, jani kwa jani. Na tofauti na mahindi, ukikosa mteja huwezi kuila.

Mezani walikaa watatu: mnunuzi wa kampuni, mteuzi wa serikali, yaani mpanga madaraja ya tumbaku, na katibu wa chama. Wakulima tulisimama. Robota la nne ndilo baba alilokuwa akilitegemea, majani ya katikati ya mche, rangi ya chungwa safi. Mteuzi alichomoa jani, akalinyoosha, akataja daraja la juu. Mnunuzi akatikisa kichwa tu. Mteuzi akamtazama, akakata alichoandika, akashusha madaraja mawili.

"Samahani mzee," baba alisema, "daraja ulishalitaja."

"Kama huridhiki, mzee mwenzangu, rudi nalo nyumbani."

Nyumbani kufanya nini? Mkataba wa chama ulikuwa na kampuni moja tu. Mbegu, mbolea na dawa tulikopeshwa kupitia mkataba huohuo, deni likahesabiwa kwa dola. Kuuza kwingine kuliitwa kutorosha, na mtoroshaji hushtakiwa. Baba alikubali robota la nne, na mengine saba yaliyofuata hakuyabishia.

Baadaye alimfuata diwani wetu chini ya mwembe, mimi nyuma yake. Diwani alimsikiliza hadi mwisho, bila dharau yoyote. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ushuru wa mazao, wakati huo asilimia 5 ya mauzo, halmashauri inalipwa na mnunuzi. "Hawa wakihama, ndugu yangu, madarasa tutajenga kwa hela gani?" Kilichoniuma ni kwamba hakuwa anadanganya. Nilielewa pale kwa nini mteuzi, mtu wa serikali, alimtazama mnunuzi kabla ya kushusha daraja. Serikali niliyofundishwa kwenye somo la uraia kwamba ni mwamuzi, nayo ilikuwa imesimama foleni pamoja nasi.

Babu alipopata habari hakushangaa. Ujanani alikuwa kibarua wa mradi wa karanga wa Waingereza, uliofyeka misitu ya Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo. Mwaka 1947 serikali yao iliukabidhi kwanza kwa United Africa Company, kampuni ya Unilever, kabla ya kuunda shirika lake lenyewe. Hadi unafutwa mwaka 1951, zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea na karanga zilizovunwa zilikuwa chache mno. Tumbaku ndiyo iliyofuata kwenye ardhi ile. Babu alikuwa akisema kwamba walipokuja hawakumuuliza mtu, na walipoondoka hawakumuaga mtu.

Malipo yalichukua wiki kadhaa. Benki ilikata mkopo wa pembejeo, halafu ikakata na madeni ya wanachama walioshindwa kulipa, kwa sababu mkopo wa chama ni wa wote. Kilichobaki kilitosha nusu ya ada yangu. Mama aliuza mbuzi wawili kujazia nusu nyingine.

Mwezi wa tisa, nikiwa likizo fupi, baba alinituma mtoni nikachote maji ya kumwagilia kitalu kipya. Nilimuuliza kwa nini tunalima tena. Hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na karatasi ya mkataba. Chini kabisa, pembeni ya jina lake, wino wa dole gumba ulikuwa umeshakauka.