Mtandao uliokatika kila mtu akienda kuoga

Nyumba tunayokaa hapa Tabata Kimanga ni ya zamani, na nyaya zake zilikuwa zimechoka. Soketi ya jikoni ilikuwa inapata moto hadi unasikia harufu ya plastiki, ndipo mwenye nyumba akaleta fundi umeme. Nyaya zikabadilishwa, meni swichi ikawekwa mpya, soketi zikaongezwa, na pampu ya maji iliyokuwa ikitumia ekstensheni ya uani ikapewa soketi yake. Jioni taa zikawaka, friji ikanguruma, ila intaneti hakuna. Mimi kazi zangu za hesabu nazifanyia nyumbani, kwa hiyo sikuwa na subira.

Tatizo la kwanza lilikuwa jepesi. Kwenye kisanduku cha faiba, taa iliyoandikwa LOS ilikuwa inamweka nyekundu, maana yake mwanga kutoka nje haufiki. Ukiona hivyo usihangaike na ruta wala nywila, fuata waya. Nikaufuata ule waya mweupe mwembamba kuanzia dirishani hadi nyuma ya kabati la tivii, nikaukuta umesogezwa kupisha soketi mpya, kisha umekunjwa kona kali na kubanwa kwa klipu pamoja na waya wa umeme. Ndani ya waya huo kuna uzi wa kioo, na sehemu inayopitisha mwanga ina upana wa takriban mikromita 9 tu. Ukiukunja namna ile, mwanga unavujia pembeni hata kama kioo hakijavunjika. Nikang'oa klipu, nikauacha uzunguke kwa duara pana. LOS ikazima, taa ya PON, ile inayoonyesha kwamba kisanduku kimeungana na mtandao wa kampuni, ikamweka kidogo, ikatulia kwenye kijani. Kioo kingekuwa kimekatika, ingebidi kusubiri watu wa kampuni na mashine yao ya kuungia, maana selotepu haisaidii hapo. Na usije ukachomoa kichwa cha waya ukachungulia ndani: ni leza, na macho hayaioni.

Nikadhani yameisha. Usiku ule ule mtandao ukakatika, ukarudi wenyewe baada ya dakika kadhaa. Asubuhi tena. Mchana kutwa ukatulia, jioni ukaanza upya. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikaambiwa nizime kifaa, nisubiri, niwashe. Nikafanya. Wakanifungulia tiketi ya kuletewa fundi, basi.

Kukatika kwa mtandao kuko kwa aina mbili, na kuzitofautisha ndiko kulikoniokoa. Kuna laini kupotea huku kifaa kikiwa hai, na kuna kifaa chenyewe kuzima na kuwaka upya. Ukiwa chumba kingine yote mawili unayaona sawa: Wi-Fi haina intaneti, au imetoweka kabisa. Nikafungua ukurasa wa kisanduku kwenye kivinjari (kwetu ni 192.168.100.1, nywila iko kwenye stika chini ya kifaa) nikaangalia mambo mawili. Nguvu ya mwanga unaoingia ilikuwa -19 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu hiyo), ambayo ni salama. Visanduku vingi vya faiba vya majumbani huanza kuyumba ikishuka kwenye -27 hivi, na kila inaposhuka kwa 3 mwanga umepungua nusu. La pili, muda tangu kifaa kiwashwe. Ulikuwa dakika chache tu, na hakuna mtu aliyekigusa. Basi laini haikuwa na kosa. Kifaa kilikuwa kinakosa umeme.

Mdogo wangu ndiye aliyenipa jibu bila kujua. Alitoka bafuni na taulo begani akilalamika, "Dada, kila nikienda kuoga nikirudi nakuta mpira umekwama." Alikuwa anaangalia mechi kwenye simu. Pampu yetu ni ya kujiwasha yenyewe, ukifungua bomba inaanza. Nikamwambia afungue bomba la jikoni, mimi nikachuchumaa mbele ya kisanduku. Pampu ilipoguruma, taa zote za kisanduku zikazima kwa pamoja, kisha zikaanza kuwaka moja moja kama kawaida ya kuanza upya. Taa ya sebuleni haikutikisika, na ndiyo maana hatukushtuka mapema: taa zina laini yake ya umeme.

Kwa uhakika zaidi nikachomeka kisanduku kwenye UPS ndogo ya kompyuta, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika. Bomba likafunguliwa, pampu ikawaka, mtandao ukabaki.

Wapo ambao wangeishia hapo, wakanunua UPS na kusahau. Mimi sikuridhika. Adapta ya kisanduku imeandikwa 100-240V, na umeme wetu ni wa 230V. Pampu huvuta umeme mwingi sana inapoanza, lakini kushuka kidogo kwa volti kusingeizima adapta ya namna hiyo. Ili ife, umeme lazima uporomoke vibaya au ukatike kabisa kwa muda. Sehemu inayofanya hivyo hupata moto, na moto nyuma ya soketi siyo suala la mtandao tena.

Nikampigia fundi. Alikuja akiwa mpole. "Dada, mbona umeme unawaka vizuri tu?" Nikamwomba afungue soketi ya sebuleni huku meni swichi ikiwa chini. Ndani tukaona kwamba soketi ya pampu haikuvutiwa waya kutoka meni swichi. Ilikuwa imeungwa kutoka soketi hii hii. Nyutro mbili, yaani nyaya za kurudishia umeme, zilikuwa zimesongwa chini ya skrubu moja, moja ikiwa haijashikwa vizuri. Ganda lake la buluu lilikuwa limeanza kuwa kahawia mwishoni. Alipoigusa kwa bisibisi, ikachomoka yenyewe. Fundi akanyamaza, kisha akasema, "Hii ni hatari, dada."

Alikata ncha iliyoungua, akaichuna upya, akakaza. Pampu nikamwambia sitaki iwe hapo tena. Siku iliyofuata akaivutia laini yake kutoka meni swichi, na breka yake peke yake. Mwenye nyumba alinung'unika kidogo kuhusu bei ya waya, nikamwonyesha kile kipande cha buluu kilichoungua, akatoa hela. Kwa mliopanga nyumba: kabla kazi haijaanza, ulizeni kama fundi ana leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kampuni ya intaneti walipiga baadaye kuuliza kama bado namhitaji fundi wao. Nikawaambia wafunge tiketi.