Kabla ya dawa, chakula: nilivyopima ini la panya hapa Mbarara, Uganda

Wanafunzi wakija kuniomba ushauri huanza na dozi. Nimpe panya miligramu ngapi za klopirifosi, dawa ya kuua wadudu wa mimea? Kwa wiki ngapi? Nipime vimeng'enya gani (protini zinazoendesha kemia ya mwili)? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza panya huyo atakula nini. Ndiyo maana leo nitakaa sana kwenye chakula. Nimechoka kuona watu wakimaliza pesa za ada kisha wanarudi na majibu ambayo hayasemi lolote kuhusu dawa waliyotaka kuichunguza.

Swali langu lilitoka nyumbani, Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wanaopulizia dawa kwenye nyanya na tumbaku ni hao hao ambao msimu wa njaa wanakula mihogo na mboga za majani, maharagwe kidogo, nyama mpaka sikukuu. Nilitaka kujua ini lililopungukiwa protini linaishughulikiaje dawa hiyo. Si swali jipya. Eldon Boyd kule Kanada alionyesha zamani kwamba panya walionyimwa protini hufa kwa dozi ndogo zaidi za baadhi ya viuatilifu. Lakini mwaka 1966 André na Elizabeth McLean wa Uingereza walipata kinyume kwa tetrakloridi ya kaboni, kiyeyushi chenye sumu kwa ini: panya wenye upungufu wa protini waliistahimili kuliko walioshiba. Sababu ni kwamba sumu ile haina makali mpaka ini lenyewe liibadilishe kwa vimeng'enya vinavyoitwa saitokromu P450, na ini lisilo na protini linakuwa na vimeng'enya hivyo vichache.

Klopirifosi nayo hupita njia hiyo. Ini huigeuza kuwa oksoni, na oksoni ndiyo inayokamata asetilikolinesterasi, kimeng'enya kinachozima ishara za mishipa ya fahamu. Ini hilo hilo pia hutengeneza paraoksonasi, kimeng'enya kinachoivunja oksoni. Ukipunguza protini unagusa pande zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kukisia jibu ukiwa umekaa kitini. Ni lazima upime, na ukipima ni lazima ujue kilichomo ndani ya sahani ya panya.

Mkubwa mmoja aliyenitangulia katika kazi hizi aliniambia, "Nunua chakula cha vifaranga, kila mtu hufanya hivyo." Nikanunua. Panya wakala vizuri, wakanenepa, manyoya yakang'aa. Kabla hawajaguswa na tone la dawa nikawatoa damu ili niwe na kipimo cha mwanzo, na hapo ndipo ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia, ilipokuja juu kwa panya ambao walitakiwa kuwa wazima kabisa. Tena haikuwa juu kwa usawa: wawili wa kizimba kimoja, mmoja alikuwa karibu mara mbili ya mwenzake. Nikaambiwa ni mashine. Nikaambiwa damu imevunjika wakati wa kuitoa. Ni kweli chembe za damu zikipasuka AST, kimeng'enya kingine kinachopimwa pamoja na ALT, hupanda kwa sababu imo ndani ya chembe nyekundu, lakini ALT haipandi kiasi kile, na seramu yangu (maji ya damu) ilikuwa safi, haina wekundu wowote. Nikafungua panya wachache. Ini lilikuwa la manjano-manjano, kingo zake zimejaa na kuwa butu.

Nikaenda kwenye gunia. Juu palikuwa pakavu na pananukia vizuri. Nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, na kule chini vidole vikakuta mabonge yenye joto. Niliyatoa nikamwonyesha mzee anayehudumia nyumba ya wanyama. Ni mwanajeshi mstaafu, sisi wote tunamwita Afande, na Kiswahili chake ni kile cha kambini. Alilivunja bonge moja, akalinusa, akasema, "Binti, haya mahindi yalilala kwenye mvua kabla hayajasagwa."

Vijiti vya kupimia vilithibitisha: sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka, na nyingi. Kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mahindi ya kula binadamu hayatakiwi kuzidi sehemu 10 za sumukuvu kwa sehemu bilioni moja, na aina ya B1 peke yake isizidi 5. Mwezi Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hii, na bei zilivyoyumba huku wafanyabiashara hawajasahau. Sasa fikiria: B1 huamshwa na P450 zile zile za ini, kisha huzimwa na glutathioni ile ile ambayo ini linaitegemea kujilinda na madhara ya dawa. Ningeendelea na gunia lile ningekuwa ninapima sumu mbili huku nikiandika jina la moja. Na asikudanganye mtu kwamba ukichemsha au ukioka inakwisha. Sumukuvu haiondoki kwa moto wa jikoni.

Basi nikaamua kutengeneza chakula mwenyewe. Kuna fomula ya Wamarekani ya chakula cha panya ya mwaka 1993, AIN-93, ambayo kila kilichomo kinajulikana kwa gramu: kaseini (protini ya maziwa), wanga, mafuta, nyuzinyuzi, vitamini, madini. Protini yake yote hutoka kwenye kaseini. Niliulizia bei ya kaseini ya kuagiza nikakaa kimya. Kisha nikajiuliza, mimi niko Mbarara, nchi ya maziwa, ninaagizaje kutoka ng'ambo kitu ambacho kinapita mbele yangu kila asubuhi juu ya bodaboda?

Lakini maziwa ya hapa yana jambo lake. Kupe wa upande huu wamekuwa sugu, na wafugaji waliochoka wanaogesha ng'ombe kwa chochote. Kwa mfugaji wa kwanza niliuliza, "Mama, ng'ombe wameogeshwa lini?" Akajibu bila kuficha, "Juzi, na ile dawa ya nyanya, ndiyo inayowaweza." Nilimshukuru nikaondoka. Nilipata maziwa kwa mzee mwingine mwenye ng'ombe wachache ambao kijana wake huwatoa kupe kwa mkono, na bado nikayapitisha kwenye mashine ya kutenganisha krimu, kwa sababu dawa nyingi za aina hii hujificha kwenye mafuta.

Kaseini yenyewe inapendeza kuitengeneza. Pasha maziwa yaliyotolewa krimu mpaka yawe vuguvugu, kisha dondosha siki taratibu huku unakoroga. Kwa muda mrefu huoni kitu na unaanza kudhani unaharibu maziwa. Halafu, pH (kipimo cha uchachu) ikikaribia 4.6, yanakatika ghafla: vipande vyeupe vinashuka chini na maji yanabaki juu yakiwa na rangi ya kijani-manjano, unaona mpaka chini ya sufuria. Usiendelee kutia siki baada ya hapo, kwani kaseini huanza kuyeyuka tena. Chuja kwa kitambaa cha kanga, osha kwa maji mpaka harufu ya siki iishe, kamua, osha tena kwa spiriti ili kumaliza mafuta, fikicha, kausha kwa moto mdogo, saga. Lita kumi hunipa kama robo kilo. Pamoja na gesi na spiriti, gharama haikufika hata robo ya ile niliyotajiwa.

Kundi la protini ya kutosha lilipata kaseini asilimia 20, na kundi la upungufu asilimia 5, pengo likajazwa na wanga wa mahindi uliosafishwa. Protini na wanga hutoa kalori karibu sawa kwa gramu, kwa hiyo nguvu ya chakula haikubadilika. Angalia sana kolini, kirutubisho kinachofanana na vitamini. Mara nyingi huuzwa peke yake, haimo kwenye pakiti ya vitamini, na panya akiikosa ini lake hujaa mafuta hata kama hajawahi kuonja dawa.

Sasa kuna hili ambalo watu wengi hulipita. Panya anayepewa dawa hula kidogo. Akila kidogo, ini lake hupungua, glaikojeni (akiba ya sukari ya ini) huisha, glutathioni hushuka. Utajuaje kama ni dawa au ni njaa? Jibu ni kumwekea kila panya wa dawa mwenzake ambaye hapewi dawa, anakula leo kile kiasi ambacho yule wa dawa alikula jana. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo panya ni mharibifu: anachimba chakula, anakirusha, anakikojolea, na wewe unaandika kwamba amekula. Afande ndiye aliyenitoa hapo. Alichukua makopo mafupi ya bati, akayapigilia kwenye vibao vizito ili yasipinduke, akakata duara la wavu wa waya linalolala juu ya chakula ndani ya kopo na kushuka nacho kadiri kinavyoliwa. Panya anaingiza pua na ulimi, lakini hawezi kuchimba kwa miguu. Chini ya sakafu ya waya tukaweka sinia nyeupe. Kila asubuhi tulichambua kwa kibano, makombo huku, mavi kule, tukayakausha makombo kabla ya kuyapima kwa sababu mkojo huyaongezea uzito. Afande alikuwa na subira ya ajabu kwenye kazi hiyo, na ninasema wazi kwamba jaribio lile lilisimama juu ya wavu wake.

Panya wa kuzalishia, waliobaki nje ya jaribio, niliwawekea maganda ya mpunga badala ya vumbi la mbao. Harufu ya misonobari na mierezi peke yake huamsha vimeng'enya vya ini, na vumbi la fundi seremala hujui limechanganyika na mbao iliyotiwa dawa gani. Klopirifosi nilitumia ile safi ya maabara, nikaiyeyusha kwenye mafuta ya mahindi, na kontroli, panya wa kulinganishia, wakapata mafuta hayo matupu. Usitumie chupa ya dukani kama swali lako ni kiini cha dawa. Ndani yake kuna viyeyushi kama zailini, navyo pia vina kazi yao kwenye ini.

Siku ya kuchukua maini nilishauriwa nimalize kundi moja leo na lingine kesho. Nilikataa. Panya hula usiku na ini lake hubadilika saa kwa saa, kwa hiyo nilichukua mmoja mmoja kutoka kila kundi kwa zamu, asubuhi ile ile. Kipande cha ini kinatakiwa kugandishwa papo hapo, na friji letu la baridi kali hufuata mapenzi ya umeme. Nilimwendea mtaalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe, yule mwenye mtungi wa naitrojeni kimiminika wa kuhifadhia mbegu. Alinijazia chupa kwa bei ya soda chache. Nyuzi 196 chini ya sifuri, na ini limeganda kabla hujamaliza kuandika namba yake.

Nilichokipata kilinifurahisha kwa jinsi kilivyosomeka vizuri. Kati ya panya walioshiba protini, sehemu kubwa ya kupungua kwa glaikojeni ilionekana pia kwa wenzao waliokula kidogo bila dawa. Hiyo ilikuwa njaa, na bila wavu wa Afande ningeiandika kwa jina la klopirifosi. Kupanda kwa alama za uharibifu wa mafuta ya chembe za ini kulibaki kwa wenye dawa peke yao. Kwa kundi la asilimia 5, ini lilikuwa limepauka na lina mafuta hata kwa wasiopewa dawa, kwani bila protini ya kutosha ini haliwezi kuyafunga mafuta na kuyatoa nje. Juu ya hapo dawa iliongeza madhara, na glutathioni ilishuka chini kuliko kundi lolote.

Sasa ninaandaa jaribio la zile dawa zinazouzwa zikiwa mbili katika chupa moja, profenofosi pamoja na saipamethrini. Profenofosi huzima kaboksilesterasi, kimeng'enya cha ini ambacho ndicho kingeivunja saipamethrini, na nyanya nyingi tunazokula hupuliziwa mchanganyiko huo. Kaseini ya kuanzia iko kwenye madebe tayari, na Afande ameshaanza kukata wavu.