Jinsi nilivyoharakisha ujenzi wa programu kwenye kompyuta ya viini 8

Kompyuta ya ofisini hapa Dodoma ina viini 8 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) na RAM ya GB 8, lakini make, programu inayoongoza ujenzi, ikiitwa yenyewe huendesha kazi moja tu kwa wakati. Viini vingine vinakaa bure. Idadi ya viini utaiona kwa amri ya nproc. Nilipotoa make -j8, kazi nane zilianza kwa pamoja, kisha g++, kitafsiri cha C++, ikakatizwa na keneli (sehemu kuu ya mfumo endeshi) kwa sababu RAM ilijaa. Faili moja kubwa ya C++ inaweza kula GB 1 hadi 2, kwa hiyo gawanya RAM kwa 2: make -j4 ilimaliza salama. Usiandike -j bila namba, maana kazi zitaanzishwa bila kikomo.

Kosa linalotoweka ukirudi kwenye -j1 kwa kawaida ni la Makefile, faili ya maelekezo ya make: kuna tegemezi (faili inayohitajika kwanza) halikutajwa. Litaje. Kupunguza kazi ni kuficha kosa tu.

Umeme ukikatika katikati, faili za .o (msimbo uliokwisha kutafsiriwa) zilizoandikwa nusu hubaki, na make huzihesabu kuwa nzima. Zilizo tupu zifute hivi:

find . -name '*.o' -size 0 -delete

Kiunganishi, kinachounganisha faili za .o kuwa programu, kikilalamikia nyingine, ifute nayo, uendelee, zilizokamilika hazirudiwi. Joto la Oktoba pia huipunguzia prosesa kasi, hasa feni ikijaa vumbi.